Nakshi ya Vigae: Kazi ya Mwashi Kabla ya Kuwa Kazi ya Mchoraji

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Bara kwa barabara kuu, akiisha kupita Mariakani na Samburu, hufika Mackinnon Road, mji mdogo wa nchi kavu ya Taru. Mji huu umo katika Kwale, ijapokuwa uko mbali na minazi ya Diani na Msambweni. Jina lake latokana na Sir William Mackinnon, mkuu wa ile Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki, ambayo mwaka 1890 ilianza kukata njia ya magari ya ng'ombe kutoka pwani kuelekea upande wa Ziwa. Kando ya reli ya zamani uko msikiti wenye kaburi la Seyyid Baghali Shah, mtu wa Punjab aliyekuja kwa kazi ya kujenga reli hiyo. Husimuliwa ya kwamba wenziwe walipokuwa wakichukua makarai ya mchanga vichwani, karai lake yeye halikugusa kichwa chake, bali lilielea juu yake. Hata leo wasafiri husimama hapo, Waislamu na wasio Waislamu, wakaomba salama ya njiani.

Masimulizi hayo ni ya dini na yaachwe kwa wenyewe. Lakini lile karai lafaa kukumbukwa na kila mtu atakaye kujua habari za ufundi unaoelezwa hapa. Nakshi ya vigae, ambayo mafundi wa ng'ambo huiita mozaiki, huanza katika karai la saruji na mchanga kabla ya kuanza katika rangi. Asiyelijua karai ataweza kupanga vigae vizuri sana, watu wakamsifu, na mvua za masika zikija kazi yake yote itaanguka chini.

Maana ya nakshi hii ni rahisi. Badala ya kupaka rangi ukutani, fundi huchukua vipande vidogo vya vigae, mawe au vioo, kila kimoja kikiwa na rangi yake, akavishika katika udongo wa saruji au chokaa kimoja kando ya kingine mpaka vikafanya umbo: ua, samaki, herufi, au mistari tu. Kisha hujaza mapengo yaliyo kati ya vipande. Mtu akiitazama karibu huona vipande. Akirudi nyuma hatua kumi huona picha. Rangi ya mafuta hupauka kwa jua, lakini rangi ya kigae kilichochomwa katika tanuu haipauki, na kwa sababu hiyo kazi hii hupendwa mahali penye jua kali.

Watu wa pwani si wageni kabisa katika jambo hili. Zamani walikuwa wakipachika mabakuli na sahani za kauri katika chokaa mbichi ya majengo yao. Kule Mambrui, kaskazini ya Malindi, liko kaburi la mnara lililopambwa kwa vyombo vya China. Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, yako makaburi ya namna hiyo, na Kilwa Kisiwani mabakuli yalipachikwa katika dari ya msikiti mmoja mdogo wenye kuba. Kweli, bakuli zima si kipande, na mjuzi hataiita kazi ile mozaiki. Lakini kanuni ni ile ile: kitu kigumu chenye kung'aa kimeshikwa na chokaa. Na mwenye kuyatazama makaburi hayo sasa ataona jambo la kusikitisha lenye mafundisho ndani yake. Mahali pengi chombo hakipo. Watu wameking'oa au kimevunjwa. Lililobaki ni shimo la duara, na ukingo wake wa chokaa ungali mgumu baada ya miaka mamia. Kauri ilitoka mbali kwa fedha nyingi, na chokaa ilichomwa hapa hapa kwa matumbawe. Na iliyodumu ni chokaa.

Katika nchi nyingine ufundi huu umefika mbali sana. Kuba ya Mwamba katika Jerusalem, iliyokwisha kujengwa mwaka 691 au 692, imepambwa ndani kwa vipande vya kioo na dhahabu vyenye miti, matunda na maandishi, bila sura ya mtu wala mnyama. Kanisa la San Vitale katika mji wa Ravenna, Italia, lililowekwa wakfu mwaka 547, lina picha za mfalme na malkia kwa ufundi huo huo. Hapa yatosha kuvitaja tu, kwa maana mwanafunzi aonyeshwaje kuba ya Jerusalem siku ya kwanza aghalabu hukata tamaa. Yafaa zaidi kumweleza habari za wilaya ya Friuli, kaskazini mwa Italia. Watu wa huko walikuwa maskini, na wengi wao walikwenda nchi za mbali kufanya kazi ya sakafu za saruji na mawe. Miongoni mwao alitoka Gian Domenico Facchina, aliyepamba jumba kubwa la michezo ya kuimba la Paris, lililofunguliwa mwaka 1875. Na mwaka 1922 watu wa Friuli walifungua chuo cha mozaiki katika mji wa Spilimbergo, nacho kingali kikifundisha. Asili ya chuo kile ni mafundi wa sakafu.

Iko mifano mingine ya watu wazima ambao hawakufundishwa na chuo chochote. Katika mji wa Chartres, Ufaransa, alikuwako mtu aliyeitwa Raymond Isidore, ambaye baadaye alikuwa mfagiaji wa makaburini. Mwaka 1938 alianza kuokota vipande vya vyombo vilivyovunjika, akaipamba nyumba yake yote, kuta, viti na hata kitanda. Majirani walimcheka, leo nyumba ile ni mahali pa kutembelewa na wageni. Katika Chandigarh, mji wa Bara Hindi ulio katika nchi ile ile ya Punjab alikotoka Seyyid Baghali, mkaguzi wa barabara aliyeitwa Nek Chand alianza mwaka 1957 kujenga bustani ya siri kwa vigae, bangili na vyombo vilivyotupwa. Aliifanya baada ya saa za kazi, katika ardhi ya Serikali ambayo hakupewa ruhusa kuijenga. Wakubwa walipoigundua, badala ya kuibomoa waliifungua kwa watu wote, mwaka 1976. Jambo la kuangalia katika habari hii ni kwamba Nek Chand alikuwa mtu wa barabara. Saruji, mchanga na kokoto vilikuwa kazi yake ya kila siku kabla hajafikiri habari za sanaa.

Basi mtu akitaka kuanzisha darasa la nakshi ya vigae kwa watu wazima mahali kama Mackinnon Road, asidhani ya kuwa anaanza na watu wasiojua kitu. Mwashi aliyewahi kupiga lipu nyumba kumi anajua tayari nusu ya ufundi huu, nayo ndiyo nusu iliyo ngumu. Mama asukaye ukili wa mkeka wa rangi anajua kuhesabu, kugeuza na kurudia umbo bila kuliandika popote. Mwuza duka aliyepanga bidhaa zake rafuni ajua rangi ipi yapendeza kando ya ipi. Kosa la walimu wengi wa kazi za mikono ni kuwapa watu kama hao mazoezi ya watoto wa shule, wakawafanya wakae kimya kuchora duara na mraba kwa kalamu. Mtu wa miaka arobaini na mitano aliyeacha shule zamani, au asiyekwenda kabisa, akipewa kalamu mbele ya wenziwe huona haya. Akipewa mwiko haoni haya.

Vifaa si vya gharama kubwa. Kila mahali panapojengwa nyumba au kutengenezwa upya, vigae vya sakafu na vya bafuni hukatwa na masalio yake kutupwa. Mjenzi huona ni takataka na hufurahi akiondolewa. Vyombo vya chai na sahani zilizovunjika ni nzuri sana, hasa zile zenye ukingo wa rangi. Mawe ya Mazeras, ambayo hupasuliwa yakawa mabapa na kuchukuliwa hata Nairobi kwa kutandazwa nyuani, yana rangi ya manjano, ya kahawia na ya kijivu, na vipande vyake vidogo hufaa kwa nyuma ya picha. Chupa za rangi ya kijani na ya hudhurungi hufaa pia. Huko Kitengela, kusini ya Nairobi, karakana iliyoanzishwa na Nani Croze imejulikana kwa kutumia vioo vilivyotupwa katika kazi za namna hii. Lakini makombe na matumbawe ya baharini yaachwe mahali pake. Katika hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti, kusini ya Msambweni, ni marufuku kuyachukua, na hata pale pasipo marufuku pwani inayookotwa kila siku hatimaye huwa tupu.

Sasa yafuata habari ya kibao cha kuwekea nakshi, na msomaji mwenye haraka asiiruke. Vitabu vingi vya wageni humwambia anayeanza atumie ubao wa plaiwudi na gundi nyeupe ya seremala. Kwa picha itakayokaa sebuleni katika nchi ya baridi shauri hilo si baya. Lakini plaiwudi ikipata unyevu hufura, ikipata jua hujikunja, na gundi nyeupe ikipata maji hulainika. Mtu mzima aliyetoa Jumamosi nne katika kazi yake, akaiweka mbele ya duka, kisha akaona vigae vikidondoka kimoja kimoja baada ya mvua, hatarudi darasani. Wala hatasema kuwa ubao ulikuwa mbaya. Atasema kuwa yeye hakuumbiwa kazi hii. Hasara hiyo ni kubwa kuliko hasara ya vigae.

Kwa hiyo somo la kwanza liwe kumimina kibao cha saruji. Hufanywa fremu ya mbao yenye nafasi ya sentimeta 30 kwa 30 ndani, na kina cha sentimeta 3. Chini hutandikwa karatasi ya nailoni. Saruji kopo moja huchanganywa na mchanga makopo matatu, na maji ya kiasi tu, hata ukiufinyanga mkononi ushikamane bila kuchuruzika. Mchanga uwe wa mtoni, uliochekechwa. Mchanga wa pwani una chumvi. Chumvi huozesha waya uliomo ndani na baadaye hutokeza juu ya nakshi kama ukungu mweupe. Humiminwa nusu ya kina, hulazwa kipande cha wavu wa waya wa kufugia kuku, kisha hujazwa nusu nyingine. Kabla haujakauka, vitanzi viwili vya waya mgumu huingizwa upande mmoja kwa ajili ya kutundikia. Uso wa juu usilainishwe. Uparuzwe kwa ukingo wa mwiko ili vigae vishike.

Kisha kibao hufunikwa kwa gunia la maji kwa siku saba. Hapo ndipo waashi na wasio waashi hutofautiana. Asiye mwashi hudhani saruji hukauka kama nguo juani, naye huiacha wazi. Kumbe saruji haigandi kwa kukauka. Hugandishwa na maji yale yale, na ikinyimwa maji mapema hubaki dhaifu, ikapasuka. Katika nchi yenye shida ya maji kama Taru jambo hili lataka kuelezwa vema, kwa kuwa mtu huona uchungu kumwagia jiwe maji ya kunywa. Gunia lililolowa na kufunikwa kwa nailoni hukaa na unyevu muda mrefu, na maji yaliyooshewa vigae yatafaa kulilowesha.

Shauri moja la hatari: kipande cha bati la zamani la asbesto kisitumiwe kamwe kuwa kibao, hata kikionekana kigumu na sawasawa. Kikikatwa hutoa nyuzi zisizoonekana ambazo huua watu kwa ugonjwa wa mapafu miaka mingi baadaye.

Na vumbi la vigae nalo si la kuchezea. Vigae, mawe na mchanga vina silika, na vumbi lake likivutwa siku nyingi hufanya makovu katika mapafu yasiyopona. Mafundi wa mawe wamekufa kwa maradhi hayo katika nchi zote za ulimwengu. Kinga yake yawezekana mahali popote: kigae kilowekwe kabla ya kukatwa, kazi ifanywe nje penye upepo na si chumbani, na sakafu ifutwe kwa kitambaa cha maji wala isifagiliwe kavu. Miwani ya kukinga macho ni lazima kwa kila mtu, si kwa anayekata peke yake, maana kipande hurukia jirani. Na mikono ikiguswa na saruji mbichi muda mrefu huungua. Glavu za mpira zivaliwe, au walau mikono ioshwe mara kwa mara.

Kukata huanza kwa nyundo. Kigae hufungwa katika gunia na kupigwa pigo moja la katikati. Vipande vikubwa hupunguzwa kwa koleo la kukatia vigae, ambalo hupatikana katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Mdomo wa koleo huuma ukingo tu wa kigae, karibu nusu sentimeta, na ufa hukimbia wenyewe mpaka upande wa pili. Anayeanza huuma kigae chote kama anayekata mkate, akakisaga. Asiye na koleo aweza kutumia njia ya kale ya Italia: tindo husimamishwa katika gogo, makali yakiwa juu, kipande hulazwa juu ya makali na kugongwa kwa nyundo nyepesi mahali pale pale. Katika saa ya kwanza robo ya vigae itaharibika. Mwalimu aseme hivyo mapema, tena aseme kwa sauti, ili mtu asione kuwa kuharibu ni kwake peke yake.

Kuhusu umbo la kutengeneza, hapana haja ya kutafuta mbali. Kila mtu wa pwani anaijua kanga, nayo ni mwalimu mzuri wa mpango. Kanga ina pindo linaloizunguka pande zote nne, ina mji katikati, na ina jina, yaani yale maneno yake. Kibao kidogo kifuate mpango huo. Vipande vikikatwa mraba wa sentimeta moja na nusu, na mapengo yakiwa ya milimeta mbili, safu moja huchukua vipande 17, na kibao chote vipande 289. Pindo la safu mbili litakula vipande 120, na mji 169. Kigae kizima cha sentimeta 30 chaweza kutoa vipande 400 kama hakuna kilichopotea. Basi masalio ya vigae viwili au vitatu vyatosha kwa kibao kimoja. Hesabu hii si mchezo. Mtu akijua kwamba pindo ni vipande 120, huvikata kwanza na kuviweka katika kopo, naye hapungukiwi na rangi katikati ya kazi.

Kwa mji wa katikati umbo la korosho lafaa sana: ni mkunjo mmoja, lina upande mnene na upande mwembamba, na watu wa Msambweni wanalijua mtini na katika kanga vilevile. Kanuni ya kupanga ni hii: kwanza hupangwa mstari wa ukingo wa umbo lenyewe, kisha ndani yake hujazwa, kisha nje yake huzungushwa safu moja ya rangi ya nyuma ikilifuata umbo, mwisho hujazwa sehemu iliyobaki. Ile safu moja ya nje ndiyo inayofanya korosho lionekane limekaa mahali pake. Anayeisahau, picha yake huonekana kama imekatwa kwa mkasi na kubandikwa. Tena rangi isiwe moja kavu: penye manjano pachanganywe manjano tatu zinazokaribiana, na kazi itakuwa hai.

Njia za kushika vipande ni mbili. Ya kwanza ni kuvipanga uso juu moja kwa moja katika udongo wa saruji. Kibao hulowanishwa, hupakwa udongo wa saruji na mchanga laini kiasi cha mraba wa kiganja tu, vipande hukandamizwa, kisha hupakwa kiganja kingine. Asipake kibao chote kwa mara moja, kwa kuwa kwa jua la Mackinnon Road udongo utaanza kuganda kabla hajafika nusu. Vigae vyenye mgongo mkavu wenye kunyonya maji vilowekwe kwanza, la sivyo vitaunyang'anya udongo maji yake. Njia hii hufaa kwa ukuta, kwa maana vipande havilingani urefu, na mwanga hucheza juu yake.

Njia ya pili ni ile iliyotumiwa na Facchina huko Paris. Picha huchorwa kinyume juu ya karatasi ya kaki, na vipande hubandikwa uso chini kwa uji wa unga wa ngano. Kazi yote hii hufanywa mezani, au chini ya mwembe, bila haraka, na mtu aweza kubadili kipande mara tano. Ikiisha, karatasi hupinduliwa na kukandamizwa katika udongo mbichi. Kesho yake karatasi huloweshwa kwa maji, uji ukalainika, nayo huvuliwa taratibu. Uso hutoka sawasawa kama meza. Kwa darasa la watu wazima njia hii ina faida kubwa ambayo si ya ufundi: mama anayeitwa nyumbani kwa sababu mtoto analia aweza kuiacha kazi saa yoyote, akairudia baada ya siku tatu, na hakuna kilichoharibika. Karatasi za ndani za mifuko ya saruji, zikikung'utwa vizuri huko nje, hufaa kwa kazi hii. Angalizo ni moja tu: maneno yaandikwe kinyume. Wako walioandika jina la duka sawasawa juu ya karatasi, wakaja kulisoma ukutani kama mtu asomavyo katika kioo.

Siku mbili baadaye hujazwa mapengo. Saruji na mchanga laini sana huchanganywa kuwa mzito kama uji wa mtoto, hupakwa kwa mkono wenye glavu kila upande mpaka kila pengo lijae, kisha husubiriwa mpaka uanze kushika, ndipo hufutwa kwa sifongo lenye unyevu mdogo. Kwa dakika chache picha yote hupotea chini ya tope la kijivu, na wanafunzi wapya huingiwa na hofu ya kweli. Rangi ya uji huu hubadili picha kuliko inavyodhaniwa. Saruji nyeupe huzifanya rangi zote zififie. Saruji ya kijivu huzituliza. Iliyotiwa rangi nyeusi huzifanya ziwake. Yafaa kujaribu kwanza katika kipande kidogo.

Yabaki maneno machache juu ya mwalimu. Asichukue koleo mkononi mwa mwanafunzi ili kumwonyesha. Achukue koleo lake mwenyewe na kigae kingine. Wazee waitwe kwa heshima zao, mzee au mama fulani, hata kama mwalimu ana cheti na wao hawana. Mwashi aliyemo darasani apewe kazi ya kuwafundisha wengine kumimina kibao. Kwa njia hiyo darasa hupata walimu wawili, na mwashi naye hukubali kwa urahisi kufundishwa rangi na mama wa mikeka. Siku za gulio na saa za kuteka maji zisiwekwe kuwa saa za darasa. Na kitu cha kwanza kumalizika kiwe kitu cha kutumika: nambari ya nyumba, jina la duka, kizingiti. Kwa msikiti na nyumba za Waislamu michoro ya mistari na nyota yatosha, na tena ni shule nzuri, kwa kuwa kosa la upana wa kidole katika nyota huonekana mara moja.

Juu ya fedha yafaa kusema kweli. Mtu hatapata riziki kwa kuuza vibao kando ya barabara, kwa maana dereva wa lori hanunui korosho la vigae. Atakayeinuka ni yule mwashi ambaye, akiitwa kujenga ngazi, bafu au kaunta ya duka, aweza kuongeza pindo la rangi na kulidai malipo yake mbali na ya ujenzi. Wenye nyumba na mahoteli upande wa Diani wana vizingiti na mabwawa ya kuogelea, nao hulipa fundi kwa upana wa kazi. Bei hiyo ihesabiwe kwa saa za kukata na kupanga, si kwa thamani ya vigae, ambavyo viliokotwa bure.

Kibao kilichomalizika hufunikwa tena kwa gunia siku tatu. Kikikauka huwa na uzito wa kilo 7 hivi, na hakitundikwi kwa msumari mmoja katika ukuta wa udongo. Hutundikwa kwa vile vitanzi viwili vya waya, kila kimoja kwa skrubu yake iliyoingia katika jiwe, au hujengewa shimo la sentimeta tatu katika lipu, kikaingizwa humo kwa saruji na kuwa sehemu ya nyumba.